Han au Tang: Uanze na Enzi Ipi Ukitaka Kuijua Biashara ya China ya Kale

Mtu anayetaka kusoma habari za biashara, upanuzi wa mipaka na mchanganyiko wa tamaduni katika China ya kale hufika mapema kwenye njia panda. Upande mmoja ipo enzi ya Han, iliyotawala kuanzia mwaka 202 KK hadi 220 BK, ukiacha miaka michache ya mwanzoni mwa karne ya kwanza ambapo Wang Mang alijitwalia kiti cha enzi. Upande wa pili ipo enzi ya Tang, iliyotawala kuanzia mwaka 618 hadi 907. Zote mbili zilikuwa na mji mkuu Chang'an, karibu na Xi'an ya leo, ingawa Han ilihamia Luoyang mwaka 25 BK. Zote mbili zilipeleka majeshi Asia ya Kati, na zote mbili hutajwa pamoja kila inapozungumzwa Njia ya Hariri. Lakini mwalimu mwenye vipindi vitatu tu vya kufundishia mada hii, au msomaji anayesoma usiku baada ya kazi, hawezi kuzibeba zote mbili kwa mara moja bila kuzichanganya, na kwa kweli zikichanganywa hupoteza ladha.

Nimeona kwamba kuzilinganisha kwa ukubwa wa eneo au kwa idadi ya vita hakumsaidii mtu kuchagua. Swali linalozitenganisha vizuri zaidi ni la hariri yenyewe: ilitoka mkononi mwa nani, ikaenda kwa nani, na kwa sababu gani? Jina "Njia ya Hariri" halikujulikana na mtu yeyote wa Han wala wa Tang. Lilienezwa na mwanajiografia Mjerumani Ferdinand von Richthofen mwaka 1877, na limetujengea kichwani picha ya mfanyabiashara mmoja na ngamia zake akitembea kutoka Chang'an hadi Roma. Mtu huyo hakuwepo. Bidhaa zilipita mkono hadi mkono, mji hadi mji, na sehemu kubwa ya hariri iliyovuka mpaka wa China haikuwa mali ya mfanyabiashara hata kidogo. Ilikuwa mali ya serikali.

Hariri ya Han: bei ya amani

Han ilianza ikiwa dhaifu mbele ya majirani zake wa kaskazini. Mwaka 200 KK mwasisi wake, Liu Bang, alizingirwa mahali paitwapo Baideng na wapanda farasi wa Waxiongnu, watu wafugaji wa nyika waliokuwa chini ya mtawala wao Modu, naye akanusurika chupuchupu. Baada ya hapo yakafanywa mapatano ambayo, ukiyavua maneno yake ya heshima, yalikuwa kodi iliyotolewa na mwenye nchi kubwa kwa jirani aliyemwogopa: binti wa ukoo wa kifalme aliozwa kwa mtawala wa Waxiongnu, na kila mwaka zikapelekwa hariri, nafaka na pombe ili mpaka utulie. Kwa hiyo hariri nyingi iliyotangulia kutoka China haikuuzwa bali ilitolewa, na makaburi ya wakuu wa Waxiongnu huko Noin-Ula, Mongolia, yamekutwa na vitambaa vya Han vilivyozikwa pamoja nao. Hata baadaye, Waxiongnu walipodhoofika na kukubali kuja kumsalimu mfalme wa China, zawadi ziliongezeka badala ya kupungua. Mwaka 1 KK mtawala wao aliondoka katika ziara ya namna hiyo na majora 30,000 ya hariri.

Aliyejaribu kuivunja hali hiyo ni mfalme Wudi, aliyetawala kuanzia 141 hadi 87 KK. Mwaka 138 KK alimtuma ofisa mmoja, Zhang Qian, aende magharibi kuwatafuta Wayuezhi, maadui wa Waxiongnu, ili wafanye nao muungano wa kivita. Zhang Qian aliondoka na watu zaidi ya mia. Alikamatwa njiani na Waxiongnu, akakaa nao yapata miaka 10, akapewa mke na kupata mtoto, kisha akatoroka. Jambo la ajabu ni kwamba hakukimbilia nyumbani, bali aliendelea na safari aliyotumwa. Wayuezhi aliwakuta wamekwisha kutulia katika nchi nzuri na hawana hamu ya vita. Alirudi Chang'an mwaka 126 KK akiwa na mkewe na mwenzake mmoja tu, Ganfu, bila ya muungano aliotumwa kuutafuta.

Lakini akiwa Baktria, kaskazini mwa Afghanistan ya leo, aliona sokoni fimbo za mianzi na vitambaa ambavyo alivitambua mara moja: vilitoka kusini-magharibi mwa China, katika nchi ya Shu, yaani Sichuan. Alipouliza vimefikaje huko, wenyeji walimjibu kwamba wafanyabiashara wao hununua vitu hivyo India. Kisa hiki nakipenda kuliko visa vyote vya enzi hiyo, kwa kuwa kinamwonyesha mjumbe wa kwanza wa serikali akiwa amechelewa. Alidhani anafungua njia, kumbe wachuuzi wasiojulikana majina walikuwa wamekwisha kupita upande mwingine, wakiwa na fimbo za mianzi mabegani, na mfalme hakuwa na habari.

Kilichofuata hakikuwa kazi ya wachuuzi. Mwaka 121 KK jemadari kijana Huo Qubing aliwafukuza Waxiongnu kutoka ukanda wa Hexi, ule ujia mwembamba ulio kati ya jangwa na milima unaotoka China kwenda magharibi, na hatimaye Han ikaweka huko majimbo manne ya mpakani: Wuwei, Zhangye, Jiuquan na Dunhuang. Wanajeshi walipelekwa kulima na kulinda kwa wakati mmoja. Kati ya mwaka 104 na 101 KK jemadari Li Guangli alitumwa mara mbili Ferghana, bonde lililoko hasa Uzbekistan ya leo, kutafuta farasi waliosifiwa kwamba hutoka jasho la damu. Mara ya kwanza alishindwa. Mara ya pili alikwenda na askari wapatao 60,000, na waliorudi na kuingia katika lango la mpakani walikuwa zaidi kidogo ya 10,000. Farasi waliochukuliwa huko walikuwa kiasi cha 3,000, nao walio bora kabisa walihesabika kwa makumi tu.

Gharama hizo ndizo zinazoifanya Han iwe ya kufaa kwa msomaji wa uchumi. Ili kulipia vita, serikali ilijitwalia biashara ya chumvi na chuma mwaka 117 KK, na aliyekuja kuwa mkuu wa mipango hiyo, Sang Hongyang, alikuwa mtoto wa mfanyabiashara wa Luoyang. Wudi alipokwisha kufa, mwaka 81 KK liliitishwa baraza la mjadala mbele ya wakuu wa serikali. Wasomi walilalamika kwamba wananchi wanakamuliwa ili wakubwa wapate vitu vya anasa kutoka nchi za mbali; maofisa wakajibu kwamba jora moja la hariri ya kawaida huweza kubadilishwa kwa Waxiongnu na vitu vyenye thamani ya vipande kadhaa vya dhahabu, na kwamba huko ndiko kumdhoofisha adui. Hoja hizo mbili bado zinasikika kila bunge linapojadili bajeti, na sijui kama kuna mahali zilipowekwa wazi mapema kuliko hapo.

Wanaotaka kuiona Han ikiwa kazini, si katika hotuba, watafute habari za Xuanquan. Hiki kilikuwa kituo cha matarishi na wageni wa serikali karibu na Dunhuang, kilichofukuliwa kati ya mwaka 1990 na 1992, na ndani ya takataka zake vilipatikana vibao vya mbao vyenye maandishi kwa maelfu. Vingine ni hesabu za chakula, vingine ni orodha za wajumbe waliopita na daraja ya kila mmoja, na kimoja kina malalamiko ya mwaka 39 KK. Wajumbe wa Kangju, nchi iliyokuwa upande wa Samarkand, walikuwa wameleta ngamia kwa ajili ya mfalme. Walisema kwamba walipofika Jiuquan maofisa walijipimia wenyewe bila kuwashirikisha, ngamia weupe wakaandikwa kuwa wa manjano, na walionona wakaandikwa kuwa waliokonda, ili bei ishuke. Wajumbe hao, kwa maneno mengine, walikuwa wafanyabiashara waliovaa joho la ubalozi, na "hidaya" yao ilikuwa na bei. Kurasa nyingi zimeandikwa kueleza mfumo wa hidaya na utii wa China ya kale. Kibao hicho kimoja kinaueleza vizuri zaidi, kwa sauti ya mtu aliyepunjwa.

Mbali zaidi ya hapo Han ilipapasa tu. Mwaka 97 BK jemadari Ban Chao, aliyekuwa akiitawala miji ya magharibi, alimtuma Gan Ying aende hadi dola ya Roma. Gan Ying alifika kwenye bahari fulani, mabaharia wa Parthia, dola ya Uajemi ya wakati huo, wakamwambia kwamba kuivuka huchukua miezi mitatu upepo ukiwa mzuri na hata miaka miwili ukiwa mbaya, naye akarudi. Parthia ilikuwa dalali kati ya pande hizo mbili, na ni rahisi kuelewa kwa nini dalali hakutaka muuzaji na mnunuzi wakutane. Kwa upande wa bahari, baada ya kuiteka Nanyue mwaka 111 KK, Han ilikuwa na bandari kama Hepu huko kusini, na kumbukumbu zake zinasimulia safari za kwenda kusini mwa India kutafuta lulu na vioo kwa kutoa dhahabu na hariri. Mwaka 166 BK walifika kwa njia hiyo watu waliojitambulisha kuwa wajumbe wa mfalme wa Roma, wakiwa na pembe za ndovu, pembe za kifaru na magamba ya kasa. Vitu vya namna hiyo vinapatikana katika soko lolote la Bahari ya Hindi, na wataalamu wengi huwaona kuwa ni wafanyabiashara waliojipa cheo.

Katika utamaduni, Han ilipokea polepole. Zabibu na majani ya kulishia farasi yaitwayo alfalfa vilitoka Ferghana. Ubudha unatajwa kwa mara ya kwanza katika nyumba ya mwana wa mfalme mnamo mwaka 65 BK, na An Shigao, mtawa mwenye asili ya Parthia, alifika Luoyang mwaka 148 akaanza kutafsiri maandiko. Huo ulikuwa mwanzo tu. Mtu akitaka kuona dini hiyo ikiwa imeingia ndani ya maisha ya watu, Han haimfai.

Hariri ya Tang: mshahara na deni

Kufikia karne ya saba hariri ilikuwa fedha. Serikali ya Tang ilikusanya kodi kwa nafaka na kwa vitambaa, na askari waliokuwa kwenye ngome za magharibi, kuanzia Dunhuang hadi Kucha na Kashgar, walilipwa kwa sehemu kubwa kwa majora ya hariri, kwa sababu sarafu za shaba zilikuwa chache na nzito. Askari aliyepewa majora yake aliyapeleka sokoni kununua farasi, viatu na chakula. Ndiyo sababu miji ya jangwani ilistawi katika karne moja na zaidi ambayo majeshi ya Tang yalikuwapo: Waturuki wa mashariki walishindwa mwaka 630, Gaochang katika bonde la Turfan ikatekwa mwaka 640, na Waturuki wa magharibi wakafuata mwaka 657. Mfanyabiashara alifuata mshahara wa askari kama vile duka linavyofuata kambi ya barabara.

Tofauti na Han ni kwamba safari hii tunawaona wafanyabiashara wenyewe, kwa majina yao. Katika makaburi ya Astana, karibu na Turfan, wafu walivalishwa viatu na mavazi yaliyotengenezwa kwa karatasi zilizokwisha kutumika, na hali ya hewa kavu ikazihifadhi. Wataalamu walipozikunjua walikuta mikataba, orodha za bei na kesi. Orodha ya soko la Turfan ya mwaka 743 inataja kila bidhaa kwa bei tatu, ya juu, ya kati na ya chini. Kesi mojawapo, ya miaka ya 670, ilifunguliwa na Cao Lushan, Msogdi, yaani mtu wa asili ya Samarkand na nchi jirani zake, dhidi ya mfanyabiashara wa Kichina aitwaye Li Shaojin. Ndugu yake Cao alikuwa amemkopesha Li majora 275 ya hariri katika mji ulioko mbali magharibi, kisha akaondoka kuelekea Kucha akiwa na ngamia wawili, ng'ombe wanne na punda mmoja, na hakuonekana tena. Hati ya mkopo ilipotea pamoja naye. Hata hivyo walipatikana mashahidi wawili, Wasogdi, walioona mkopo ukitolewa, na mahakama ya Tang ikaamua Li alipe.

Kesi hiyo inastahili kusomwa taratibu. Mgeni anamshitaki mwenyeji katika mahakama ya mwenyeji, kwa mkopo uliotolewa nje ya mipaka ya China ya kawaida, bila hati, na anashinda. Sheria ya Tang ilikuwa na kifungu cha wageni: wageni wa taifa moja wakigombana wao kwa wao walihukumiwa kwa mila zao, na wageni wa mataifa tofauti walihukumiwa kwa sheria ya Tang. Ukiiweka kesi ya Cao kando ya malalamiko ya ngamia weupe, unauona umbali uliopo kati ya enzi hizi mbili vizuri zaidi kuliko utakavyouona kwenye ramani. Mlalamikaji wa Han alikuwa mgeni wa serikali akilalamikia serikali. Mlalamikaji wa Tang alikuwa mkazi mwenye biashara yake, akidai haki yake kwa mtu binafsi.

Chang'an ya wakati huo ilikuwa na eneo la takriban kilomita za mraba 84 ndani ya kuta zake, mitaa zaidi ya mia iliyozungushiwa kuta zake yenyewe, na masoko mawili ya serikali. Soko lilifunguliwa saa sita mchana kwa ngoma kupigwa mara 300, na kabla ya jua kutua upatu ulipigwa mara 300 watu watoke. Soko la Magharibi ndilo lililozoewa na Wasogdi na Waajemi. Karibu na hapo yalikuwapo mahekalu ya Wazoroasta, wafuasi wa dini ya kale ya Uajemi, na mwaka 635 mtawa aitwaye Alopen alileta Ukristo wa Kanisa la Mashariki, ambao historia yake nchini humo ilichongwa juu ya jiwe mwaka 781 kwa Kichina na Kisiria. Xuanzang, mtawa wa Kibudha aliyeondoka mwaka 629 bila kibali, alirudi kutoka India mwaka 645 na maandiko 657, akapokewa kwa heshima na serikali ileile aliyoivunjia amri.

Mtu asije akadhani, hata hivyo, kwamba milango iliachwa wazi. Mfanyabiashara alihitaji hati ya kusafiria iliyoorodhesha watu na wanyama wake, akakaguliwa katika kila kizuizi. Wanaoisifia Tang kama enzi ya uvumilivu husahau pia kwamba mwaka 760 wanajeshi wa serikali waliwaua maelfu ya wafanyabiashara Waarabu na Waajemi huko Yangzhou, na kwamba mwaka 845 mfalme Wuzong alifunga nyumba za watawa wa Kibudha zaidi ya 4,600, akawarudisha watawa 260,500 katika maisha ya kawaida, na dini nyingine za kigeni zikafagiliwa pamoja nazo. Mwishoni mwa miaka ya 870 waasi wa Huang Chao waliingia Guangzhou, bandari ya kusini, wakawachinja wageni wa dini zote. Mwandishi Abu Zayd wa Siraf alitaja idadi ya 120,000, ambayo inaelekea imekuzwa, ingawa mauaji yenyewe hayana shaka.

Mwaka ambao msomaji wa Tang hana budi kuushika ni 755. Miaka minne kabla yake, mwaka 751, jeshi la Tang lilishindwa na jeshi la Waabbasi, ukoo wa makhalifa wa Kiislamu, kwenye mto Talas, na vitabu vingi huyafanya mapigano hayo kuwa ndiyo yaliyomaliza nguvu ya China huko magharibi. Mimi sikubaliani na mpangilio huo. Kilichoitoa Tang katika Asia ya Kati ni uasi wa An Lushan, jemadari wake mwenyewe, mwenye asili ya Kisogdi na Kituruki, ulioanza mwaka 755 na kuzimwa mwaka 763. Majeshi ya mpakani yaliitwa nyumbani, mishahara ya hariri ikakoma, na Watibeti wakauteka ukanda wa Hexi. Serikali ikawa inawategemea Wauighuri, watu wa Kituruki wa nyika ya kaskazini, kwa msaada wa kivita na kwa farasi, kwa bei ya majora 40 ya hariri kwa farasi mmoja, na wengine kati ya farasi hao walikuwa vikongwe wasioweza hata kubeba mtu. Hapo utakumbuka Liu Bang na Waxiongnu.

Lakini biashara haikufa, ilihamia majini. Mmoja wa mateka wa Talas, Du Huan, aliishi katika nchi za Waabbasi yapata miaka 10, akawaona mafundi wa Kichina, wafumaji na wachoraji, wakifanya kazi katika mji wa Kufa, Iraq ya leo, kisha akarudi nyumbani mwaka 762 kwa jahazi la wafanyabiashara lililomshusha Guangzhou. Zhang Qian, mateka wa enzi ya Han, alirudi kupitia jangwani na mkewe na mwenzake mmoja tu. Du Huan alipanda chombo kama abiria. Kama ningetakiwa kuzilinganisha enzi hizi kwa sentensi mbili, ningezitumia hizo.

Mwaka 1998 wavuvi walikuta mabaki ya jahazi karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia. Lilikuwa na vyombo vya udongo vya China vipatavyo 60,000, vingi vikiwa bakuli za tanuri za Changsha, kusini mwa China, zilizopangwa ndani ya mitungi mikubwa ili zisivunjike, na bakuli mojawapo limechorwa tarehe inayolingana na mwaka 826. Chombo chenyewe hakikuwa cha Kichina. Kilikuwa cha mtindo wa Bahari ya Hindi ya magharibi, mbao zake zimeshonwa kwa kamba bila misumari, kama mtepe uliojulikana pwani yetu. Bakuli hizo hazikutengenezwa kwa ajili ya wafalme. Zilichorwa haraka haraka, maelfu kwa maelfu, kwa mapambo yaliyowapendeza wateja wa nchi za Kiislamu. Hapo ndipo pwani ya Afrika Mashariki inapoingia katika habari hii kwa haki na si kwa kulazimishwa, kwani vipande vya vyombo vya Kichina vya karne ya nane na ya tisa vimefukuliwa Shanga na Manda katika visiwa vya Lamu, na Unguja Ukuu huko Zanzibar. Vilikuja kwa mikono ya wafanyabiashara wa Ghuba, pamoja na vyombo vya Kiajemi vilivyokuwa vingi zaidi.

Kuhusu upanuzi wa mipaka peke yake

Kipengele hiki hakihitaji maneno mengi. Han iliteka ikakaa: Nanyue mwaka 111 KK, sehemu ya kaskazini ya Korea mwaka 108 KK, na utawala wa mpakani ulioundwa mwaka 60 KK kusimamia miji ya magharibi. Tang iliteka upesi na kupoteza upesi; ilipoiangusha Goguryeo, ufalme wa kaskazini mwa Korea, mwaka 668 kwa msaada wa Silla, ufalme wa kusini, Silla yenyewe iliitimua kutoka sehemu kubwa ya rasi ya Korea kufikia mwaka 676. Lakini Silla hiyohiyo iliendelea kupeleka wanafunzi Chang'an, na Japani, ambayo Tang haikuikanyaga, ilijenga mji wake wa Nara mwaka 710 kwa kuiga ramani ya Chang'an, mitaa yake ya miraba na ikulu yake kaskazini. Msomaji anayetaka kujua utamaduni unavyosafiri bila jeshi atapata ushahidi mwingi upande wa Tang, na karibu hakuna upande wa Han.

Kuchagua

Anayefundisha au kusoma mambo ya serikali, kodi na gharama za vita achague Han. Hoja zake ni chache na ziko wazi, wahusika wake wanahesabika, na kuanzia Baideng hadi mjadala wa mwaka 81 KK kuna mstari mmoja ambao mwanafunzi wa kidato cha nne anaweza kuufuata bila kupotea. Udhaifu wake ni kwamba wafanyabiashara hawaonekani isipokuwa kwa bahati, kama katika kibao cha ngamia, na kwamba kumbukumbu zake kuu ziliandikwa na watu wa ikulu ambao hawakuwa na subira na wachuuzi.

Anayetaka kujua watu wa asili mbalimbali walivyoishi pamoja, walivyokopeshana, walivyoshitakiana na walivyouana, achague Tang. Atapata pia mambo ya uchumi yasiyokuwapo zamani za Han, kama vile ile "fedha irukayo" ya karne ya tisa, ambapo mfanyabiashara wa chai alikabidhi fedha zake katika ofisi ya jimbo lake iliyokuwa mjini mkuu, akapewa hati, na akalipwa alipofika kwao. Yeyote aliyewahi kutuma fedha kwa hawala ataielewa bila kuelezwa. Chai yenyewe ilianza kutozwa ushuru wake maalumu mwaka 793, na jina tunaloliita sisi lina asili yake katika neno la Kichina, lililotufikia kupitia Uajemi na India. Udhaifu wa Tang ni wingi: majina, dini na miji ni mengi mno, na mwalimu asiyejipanga atamaliza vipindi vitatu angali anaeleza Wasogdi ni nani.

Mimi mwenyewe, nikiulizwa, humshauri mtu achague Tang, lakini asianze na utukufu wa Chang'an kama wafanyavyo wengi. Aanze na nusu ya pili ya enzi hiyo, baada ya 755, wakati njia ya jangwani imefungwa. Kwa mwalimu wa pwani ya Kenya au Tanzania ushauri huu una urahisi wa ziada. Aanze somo na kipande cha chombo kilichofukuliwa Unguja Ukuu, arudi nacho kwenye jahazi lililoshonwa kwa kamba, kutoka hapo hadi Guangzhou, kisha hadi kwenye tanuri za Changsha ambako mfinyanzi alichora bakuli la mia mbili la siku hiyo kwa ajili ya mnunuzi ambaye hangemwona kamwe.